Kamera ya Kuingia Mkobani

Harufu ya sponji jipya la ndani ya boksi la kifaa cha umeme hunitia kichefuchefu mpaka leo. Wenzangu wakinunua simu au redio huinamia boksi na kunusa kwa raha, kama wananusa maandazi ya moto. Mimi hugeuza uso na kumwomba mtu mwingine anitolee kilichomo. Wengi hudhani ni maringo. Si maringo. Harufu hiyo iliingia nyumbani kwetu Kinondoni nikiwa na miaka tisa, ikitoka kwenye boksi la kamera ya video, na mambo yaliyofuata nyuma yake ndiyo yaliyonifundisha maana ya kinyaa. Kabla ya hapo nilidhani neno hilo linahusu makamasi na mtaro wa nyuma ya choo tu.

Miaka ile deki ya kanda za video ndiyo iliyokuwa fahari ya sebule. Yetu ilikaa chini ya runinga, imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mama, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Shangazi Zuhura, kitinda mimba wa upande wa baba, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Tanga, na watu wazima wakakubaliana kwamba umefika wakati wa nyumba kuwa na kamera yake yenyewe. Itakuwa kamera ya kila siku, walisema: ya Idi, ya maulidi, ya watoto wanapohitimu madrasa, ya wageni wa kutoka Mafia. Lakini kazi yake ya kwanza, na ndiyo iliyowafanya waharakishe, ilikuwa singo ya shangazi. Singo ni siku ya wanawake peke yao. Bibi harusi husuguliwa liwa na manukato, hufundwa, hutaniwa, hupigiwa ngoma, na mwanamume hakanyagi hapo hata kama nyumba inaungua. Wapiga video wa kukodi wote walikuwa wanaume wenye mataa ya kupofusha macho, kwa hiyo singo zote za mtaa wetu zilipita bila kubaki hata picha moja.

Mwenye neno la mwisho katika jambo hilo alikuwa bibi yangu, Bi Tatu, mama mzazi wa baba. Alikuwa kungwi. Wasichana wa Kinondoni na hata wa ng'ambo ya mji waliletwa kwake kufundwa kabla ya kuolewa, na kilichomfanya aheshimiwe si ujuzi tu, kwa maana makungwi wenye ujuzi walikuwepo wengine. Bibi aliheshimiwa kwa mdomo wake. Aliyoyaona mwilini mwa mwali, aliyoyasikia kwa mama wa mwali, yaliishia kwake. Wanawake walimwamini kiasi kwamba mbele yake walivua buibui na aibu kwa pamoja. Na alikuwa na mchezo wake mmoja alioucheza katika kila singo, mwishoni, akiombwa sana: mabega yametulia kama aliyejitwika ndoo ya maji, kisigino cha kulia kinagonga sakafu polepole, na kiuno kinafanya kazi peke yake. Mtu aliyemjua Bibi barabarani, mzito, mwenye buibui na tasbihi, asingeamini. Na hakutakiwa kuamini, kwa sababu hakutakiwa kuona.

Bibi alikubali kamera kwa sharti moja, akalisema mbele yetu wote huku akichambua mchele. "Mafundisho hayapigwi picha. Ngoma sawa, ila mwanamke ndiye ashike hiyo kamera. Na kanda itoke kwenye kamera iingie kwenye deki. Isipite kwa mtu." Alilirudia neno hilo la mwisho akimtazama Baba Mdogo Sefu, mwanawe wa pili, kwa sababu baba yangu alikuwa na zamu zake za kiwandani Mikocheni na mambo yote ya vifaa alimwachia mdogo wake. Baba Mdogo alikuwa mtu wa kujua. Ukimwambia mvua itanyesha, alijua. Ukimwambia nati ya baiskeli imelegea, alijua tangu jana. Sikuwahi kumsikia akiuliza swali, na nilipokuwa mdogo niliona huo ni uhodari.

Tulikwenda Kariakoo watatu: yeye, mama, na mimi niliyelilia kwenda. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo Kariakoo, mwenye Kiswahili kitamu na miwani iliyofungwa uzi. Alituwekea mezani kamera mbili. Moja ilikuwa kubwa, nyeusi, ya kubebwa begani, na ilimeza kanda zile zile kubwa za deki. Ya pili ilikuwa ndogo, ya rangi ya fedha, yenye kioo cha kufunua ubavuni na vikanda vidogo vya kutoshea kiganjani. Mama hakupoteza muda. Aliweka mkono juu ya ile kubwa, akasema, "Shemeji, hii ndiyo aliyosema mama. Kanda inatoka hapa, inaingia kwenye deki."

Baba Mdogo alicheka mpaka nikaona meno ya nyuma. "Shemeji, hili dude utalibebaje? Utakuwa kama unapeleka gunia la mkaa. Hii ndogo unatia mkobani, unakwenda nayo popote. Watu wa mjini ndio wanatumia hii." Akaifunua na kuifunika, akaifunua na kuifunika, kama mtoto aliyepewa kijisanduku. Mzee wa dukani akamwambia kwa upole, "Hiyo nzuri, mwanangu, lakini kanda yake haingii kwenye deki. Ngoja nikuonyeshe, humu chini kuna..." na akaanza kunyanyua sponji la boksi. Baba Mdogo akamshika mkono. "Najua, mzee wangu, najua. Tufungie tu." Mzee akamtazama mama, mama akatazama chini, kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kubishana na shemeji yake mbele ya watu. Mchagua nazi hupata koroma, na sisi tulirudi Kinondoni na koroma letu likiwa limefungwa kwa utepe.

Singo ilikuwa nzuri. Niseme hivyo kwa sababu uchafu uliokuja baadaye umekaribia kunisahaulisha. Ua wetu ulizungushiwa makuti na mashuka, harufu ya asmini na liwa ikapanda mpaka kwa majirani, na mama akashika kamera kwa mikono miwili akiwa amevaa dera la kijani. Wakati wa mafundisho Bibi alimwambia aizime, akaizima na kuiweka chini ya khanga. Ngoma ilipoanza akaiwasha. Wanawake waliokuwa wakipita mtaani wakiwa wamejifunika mpaka vidole walijifunga khanga viunoni na kuwa watu wengine kabisa: mama mwenye genge, mwalimu wetu wa madrasa wa kike, mke wa fundi saa. Mwisho wakamwomba Bibi, akakataa, wakamwomba, akakataa, kisha akasimama. Mama alicheka kwa furaha hadi picha ikatikisika, na kicheko chake kilinaswa kwenye kanda hiyo kuanzia mwanzo wa mchezo wa Bibi hadi mwisho. Nilikuwa nimekaa miguuni pa mama nikila kashata.

Kesho yake wanawake wakaja kutazama. Kikanda kilipopelekwa kwenye deki kilionekana kama punje ya hindi mdomoni mwa ng'ombe. Walijazana kwenye kile kioo cha ubavuni, kichwa juu ya kichwa, wakaona vivuli na vidole vyao wenyewe. Shangazi Zuhura alikuwa anaondoka kwenda kwa mumewe Tanga mwisho wa wiki na alitaka kuiona singo yake kwa ukubwa kabla hajaondoka. Ndipo Baba Mdogo akasema hilo si tatizo, yupo fundi Buguruni mwenye mashine ya kuhamisha kanda ndogo kwenda kubwa. Bibi akamkumbusha neno lake. Baba Mdogo akajibu, na jibu hilo naweza kulisema leo kwa sauti yake yenyewe, kwa jinsi lilivyonikaa: "Mama, inahamisha mashine. Mashine haina macho." Shangazi alikuwa analia. Bibi akamtazama mwanawe wa mwisho, akamtazama wa pili, akasema basi mtoto aende naye, akae na kanda mpaka irudi. Mtoto mwenyewe nilikuwa mimi.

Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko la Buguruni, na mvua ilikuwa imenyesha, kwa hiyo tulivuka maji meusi yenye nyanya zilizooza na maganda ya ndizi kabla ya kufika mlangoni. Ndani kulikuwa na joto la mafuta ya kukaangia, jasho, na soksi. Fundi alikuwa kijana mnene mwenye ukucha mrefu wa kidole cha mwisho, na alikuwa anakula chipsi mayai. Alilamba vidole, akachukua kikanda cha shangazi kwa vidole hivyo hivyo vya mate, akakitia kwenye mashine yake. Kwenye benchi walikaa wanaume wawili wasio na shughuli yoyote pale. Nilidhani Baba Mdogo atawaambia watoke. Aliwasalimia, wakasogea, akakaa nao.

Kisha wanawake wa mtaa wetu wakatokea kwenye runinga. Mashine haikuwa na macho, ni kweli. Macho yalikuwa ya wale wanne. Walitazama kama watu wanaotazama nyama buchani, wakinyoosha vidole, wakichagua. Fundi aliongeza sauti. Kila mara mmoja wao alitoa mlio mdogo kooni, na yule mwenye ukucha alichokonoa meno na kusema, "Ebwana, Kinondoni kuna mambo." Mke wa fundi saa alipopita waliomba arudishwe nyuma, na akarudishwa. Baba Mdogo alichukua chipsi moja kutoka sahani ya fundi, akaichovya kwenye tomato, akala. Halafu akasimama Bibi. Nikasikia kicheko cha mama yangu kikijaa chumba kile, kicheko cha ndani kwetu, katikati ya watu wale na mafuta yao.

Mmoja wa wale wa benchini akapiga paja lake. "Bibi bado anacho kiuno huyu. Ni nani?" Fundi na mwenzake wakamgeukia Baba Mdogo, kwa kuwa kanda ilikuwa ya kwake. Baba Mdogo akafuta mdomo. "Aa, simjui," akasema. "Kungwi tu, wamemkodi." Wakacheka wote wanne.

"Ni bibi yangu," nikasema. "Ni mama yake huyu."

Fundi akapunguza sauti, lakini picha hakuizima, na Bibi akaendelea kucheza bila ngoma mbele ya watu waliokuwa sasa wanaangalia miguu yao. Baba Mdogo hakunitazama. Mimi nilitazama mashine, kwa kuwa nilikuwa nimetumwa kukaa na kanda, na nikaona deki mbili zinawaka taa nyekundu za kurekodi, moja juu ya nyingine. Tulipoondoka tulipewa kanda kubwa moja. Nilivuka yale maji meusi na ng'ambo yake nikatapika kashata za singo nilizomalizia asubuhi ile, na Baba Mdogo alisimama pembeni akitazama saa.

Nilimwambia Bibi kila kitu, jikoni, mama akiwepo. Sikuficha hata chipsi. Bibi aliuliza jambo moja tu: "Alisema hanijui?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kukuna nazi mpaka ikabaki kifuu, na akaendelea kukuna kifuu. Baba Mdogo alipoitwa alikuja na majibu yake tayari. "Nyie si ndio mlitaka video? Video haijitengenezi. Na hakuna aliyekaa uchi pale, watu wamevaa khanga zao. Ningewaambia ni mama yangu, ningeuweka wapi uso wangu?" Aliweza kuusema uso wake mbele ya mama aliyemzaa. Nilikuwa na miaka tisa na niliona aibu kwa niaba yake, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa nayo. Kikulacho ki nguoni mwako, Bibi alisema. Siku ya pili alivaa buibui lake, akaenda Buguruni na mama. Fundi aliwapokea kwa shikamoo nzito, akawapa viti, akaapa kwa Mungu kwamba nakala haipo. Mama alisema vidole vyake vilikuwa bado vina mafuta.

Shangazi Zuhura aliondoka kwenda Tanga bila kuitazama kanda. Bibi aliitia ile kubwa pamoja na kikanda chenyewe kwenye jiko la mkaa, vikatoa moshi mzito uliokaa kwenye mapazia kwa siku nyingi, na kamera ikarudishwa kwenye boksi lake na kupandishwa juu ya kabati. Maji yakimwagika hayazoleki. Haukupita muda mrefu, Bibi alinichukua kwenda dukani asubuhi, na tulipopita kwenye kijiwe cha vijana pale kona, walimwamkia kama siku zote, shikamoo Bi Tatu, shikamoo. Tulipowapa mgongo nikasikia kitu, nikageuka. Kijana mmoja alikuwa amesimama, mabega yametulia, kisigino cha kulia kinagonga chini polepole. Wenzake walikuwa wameziba midomo. Bibi pia alikuwa amegeuka. Alikitazama kisigino kile, kisha akanishika mkono akaendelea kutembea, akanunua sukari na majani ya chai kama alivyopanga.

Wanawake hawakumgombeza. Ingekuwa afadhali. Walikuja mmoja mmoja, kwa adabu, wakakaa kwenye mkeka na kunywa chai. Mama wa msichana aliyekuwa aletwe kufundwa mwezi ule alisema, "Bi Tatu, tumeonelea mwanetu afundwe huko huko Bagamoyo kwa bibi zake." Bibi akasema Mungu awajaalie. Mke wa fundi saa hakuja tena nyumbani kwetu, mumewe alimkataza, na tulimwona akipita upande wa pili wa barabara. Kazi ambayo Bibi aliifanya tangu ujana wake iliisha hivyo, bila mtu kumwambia kwamba imeisha. Mwali wake wa mwisho nilikuwa mimi, miaka mingi baadaye, yeye akiwa hana nguvu za kusimama kwa muda mrefu. Alinifunda mlango umefungwa, na siku moja akaushika ukuta akanifundisha ule mchezo, kisigino kwanza, akinigonga mabega kila yalipotikisika. Hakumfundisha mwingine.

Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Mwaka huu tulipokuwa tunapaka rangi nyumba ya mama nililishusha lile boksi juu ya kabati. Nilivaa kitambaa puani. Sponji lilikuwa limegeuka njano, limejaa vinyesi vya mende, na nilipolinyanyua ili nilitupe nikaona chini yake mfuko mdogo wa nailoni. Ndani ya mfuko kulikuwa na waya mweusi wenye vichwa vitatu vya rangi, umekunjwa na kufungwa kibanio cha kiwandani, haujawahi kufunguliwa. Mwanangu wa kiume alinieleza bila hata kuinua macho: upande mmoja unachomekwa kwenye kamera, upande mwingine kwenye runinga, na picha inaonekana. Unaweza hata kurekodi kwenye deki hapo hapo sebuleni. Nikakumbuka mkono wa mzee wa Kariakoo chini ya sponji.

Baba Mdogo Sefu sasa ni mzee wa ndevu nyeupe, na kila Ijumaa baada ya swala huja kwa mama kula pilau. Ijumaa ile nilimngoja amalize, nikauweka ule waya mkekani mbele yake. Aliutambua mara moja. "Ehe, ndio huo," akasema. "Yule mzee wa dukani alitaka kutuonyesha siku ile ile." Nikamuuliza, kama alijua, mbona hakuutumia. Akanishangaa, kama nimeuliza jambo la kitoto. "Mie nianze kuchomekachomeka mawaya mbele ya wanawake, halafu nishindwe? Si mngenicheka?" Kisha akaulizia kama juisi ya ukwaju imebaki. Nilimletea juisi, kwa kuwa ni baba yangu mdogo, na nikaenda uani kunawa mikono, nikanawa mara ya pili.

Sasa binti yangu ananunua simu, na anataka yenye kamera nzuri kwa sababu rafiki yake ana singo. Aliziweka tatu kwenye kioo cha simu yangu na kunionyesha: hii inaona gizani, hii haitikisiki, hii inapendezesha ngozi. Ni mtoto mwerevu, mwenye kuuliza, hana kabisa tabia za babu yake Sefu. Mimi nilikuwa na swali moja tu, na halikuwa la kwangu. Nikamuuliza picha ikitoka hapo inapita kwa nani. Akacheka. "Haipiti kwa mtu, Mama. Inakwenda yenyewe." Siku hizi najua inakokwenda. Kwenye makundi ya simu naletewa singo za watu nisiowajua, viuno vya mama za watu, na chini yake wanaume wanacheka kwa vikatuni vya manjano, na mara nyingi aliyerekodi ni mwanamke mwenzao aliyekuwa ndani. Zamani ilibidi mtu avuke maji machafu ya Buguruni kuifikia aibu ile. Sasa inaletwa kitandani asubuhi, na Baba Mdogo ni mmoja wa wanaoituma.

Nilikwenda kwenye singo hiyo. Ua ulikuwa na mashuka pande zote na mlangoni alikaa mama mmoja wa kuzuia wanaume. Nilikula, nilipiga vigelegele, nilimsugua bibi harusi liwa. Ngoma ilipokolea, wazee waliomkumbuka Bibi wakaanza kuniita kati: mchezo wa Bi Tatu, tunajua unao, simama utuchezee. Wakanivuta mikono. Simu zikainuka ua mzima, na ya binti yangu ilikuwa mbele kabisa, naye anacheka kama alivyocheka mama yangu. Nikasema magoti yananiuma, nikabaki nimekaa.